Hili Zimwi ni la Nani?

Wanafunzi wangu hushangaa wakisikia kwamba mhadhiri wao wa siasa, mtu wa miaka arobaini na kitu mwenye shahada ya uzamivu na rundo la karatasi za mitihani mezani, jioni zake huzitumia kumtazama kima. Huyo kima ni Sun Wukong, na tamthilia yenyewe ni Safari ya Magharibi ya Televisheni ya Taifa ya China. Nimeimaliza kwa mara ya pili mwezi uliopita, nikiisoma kwa maandishi ya tafsiri chini ya picha. Naandika makala haya kwanza kama mpenzi wa tamthilia hiyo na pili kama mwalimu wa siasa, ingawa kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyoshindwa kuwatenganisha watu hao wawili.

Kwa msomaji asiyeifahamu, nitoe maelezo machache. Tamthilia hii iliongozwa na mama mmoja shupavu aitwaye Yang Jie. Upigaji picha ulianza mwaka 1982 na sehemu zote 25 zikakamilika mwaka 1988. Kazi yote ilifanywa kwa kamera moja, na fedha zilipokauka katikati ya njia, ni taasisi ya ujenzi wa reli iliyojitokeza kuiokoa. Chimbuko lake ni riwaya ya karne ya kumi na sita, yenye sura 100, inayonasibishwa na Wu Cheng'en. Nayo riwaya imejengwa juu ya historia ya kweli. Katika karne ya saba mtawa Xuanzang alitoka China bila idhini ya dola, akaenda India kutafuta maandiko ya Kibudha, na akarudi mwaka 645 akiwa na maandiko 657. Riwaya imemwongezea mtawa huyo wanafunzi watatu wenye asili ya ajabu: Wukong aliye kima, Zhu Bajie aliye nguruwe mlafi, na Sha Wujing mtaratibu, pamoja na farasi mweupe ambaye kwa hakika ni joka. Mbele yao yamepangwa majaribu 81, na mengi kati yake ni mazimwi yanayotaka kumla mtawa ili yaishi milele.

Nianze na furaha, kwani mpenzi asiyefurahi si mpenzi. Anayeigiza Wukong anajulikana kwa jina la jukwaani la Liu Xiao Ling Tong, naye ametoka katika ukoo ulioigiza kima kwa vizazi vinne. Mtazame anavyojikuna, anavyokunja kiganja juu ya nyusi kuangalia mbali, anavyogeuza macho kabla ya kichwa. Hatumwoni mtu aliyevaa ngozi. Tunamwona kima aliyejifunza utu bila kuusahau ukima wake. Mawingu ni moshi, na wanaporuka angani jicho pevu huziona kamba. Hayo hayakunipunguzia utamu hata chembe. Kijana wangu wa kidato cha pili, aliyezoea filamu zinazotengenezwa kwa kompyuta, alizicheka kamba hizo katika sehemu mbili za mwanzo. Ilipofika ya tatu, akawa ananihimiza nimalize kula haraka.

Mwaka 2011 Watanzania wengi waliikaribisha sebuleni mwao tamthilia nyingine ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyorushwa na TBC kwa sauti za Kiswahili, na ambayo Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwaka 2013. Ile ilitufundisha kwamba mama mkwe ni mama mkwe popote duniani. Hii ninayoisimulia imenifundisha kwamba na ofisi ni ofisi popote, hata mbinguni.

Mbingu ya tamthilia hii, ndugu msomaji, si bustani ya malaika waimbao. Ni serikali. Ina mfalme, mawaziri, majenerali, makarani, madaftari na mihuri. Wukong anapoanza kusumbua, mshauri mmoja anapendekeza apewe cheo ili atulie. Anateuliwa kuwa mtunza mazizi ya farasi. Kima wa watu anafanya kazi kwa bidii, farasi wananona, mpaka siku moja anawauliza wenzake cheo chake kiko daraja gani. Anajibiwa kwamba kiko chini mno hata hakina daraja. Anaondoka kwa hasira. Jeshi linatumwa, linashindwa, na safari hii anapewa jina kubwa, Mtakatifu Mkuu Aliye Sawa na Mbingu, pamoja na jumba la kifahari, lakini bila mshahara na bila kazi. Baadaye wakubwa wanahofu kwamba uvivu utamrudisha kwenye fujo, wanampa bustani ya mipichi ailinde. Naam, kima analinda matunda! Kisha wanaandaa karamu ya mipichi hiyo hiyo na hawamwaliki. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nadhani hawahitaji ufafanuzi wangu. Vyeo vya kumpoza mtu, madaraka yasiyo na bajeti, na kamati ambazo matokeo yake yanajulikana kabla hazijakaa, hayo yote tunayajua.

Sehemu iliyoniumiza kuliko zote ni ile ya zimwi la mifupa myeupe. Zimwi hilo linamjia mtawa mara tatu: kwanza likiwa msichana aliyebeba chakula, kisha ajuza anayemtafuta binti yake, mwishowe mzee anayewatafuta wote wawili. Wukong ana macho yanayopenya kila sura ya kujibadilisha, kwa hiyo anapiga mara tatu. Mtawa haoni zimwi. Anaona maiti tatu za watu wasio na hatia. Anasoma maneno yanayoibana ile pete ya dhahabu kichwani mwa Wukong mpaka kima anagaagaa chini kwa maumivu, kisha anamwandikia barua ya kumfukuza. Kabla ya kuondoka, Wukong anataka kumsujudia mwalimu wake. Mwalimu anageuza uso. Ndipo kima anapojigawa awe wengi na kumzunguka, ili kokote atakakogeukia aikute sijida ya kumuaga. Hapo nilisimamisha picha nikatoka nje kidogo. Wako watu katika taasisi zetu walioadhibiwa kwa sababu tu waliona mapema kile ambacho wakubwa wao walikuja kukiona baadaye, na bado waliondoka kwa heshima.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niandike makala haya liko kwingine. Linajitokeza polepole, na mtazamaji hulitambua baada ya sehemu nyingi. Mazimwi ya safari hii ni ya namna mbili. Yako yasiyo na mtu, na yako yenye mwenyewe.

Zimwi la mifupa myeupe halikuwa na mtu, liliuawa. Wachawi watatu wa ufalme wa Chechi, ambao kwa asili walikuwa chui milia, paa na mbuzi, hawakuwa na mtu. Walikufa wote katika mashindano ya uganga. Sasa tazama upande wa pili. Wafalme wawili, Pembe ya Dhahabu na Pembe ya Fedha, wanawateka wasafiri kwa vyombo vya ajabu, na mwisho inabainika kwamba ni vijana waliokuwa wakitunza matanuri ya Taishang Laojun, mmoja wa wakuu wa mbinguni. Wanarudishwa kazini. Katika ufalme wa Wuji, zimwi linamtumbukiza mfalme kisimani na kukikalia kiti chake kwa miaka mitatu. Wukong anapoinua rungu amalize kazi, anatokea Manjusri, mtakatifu mkubwa wa Kibudha, na kusema: usipige, huyo ni simba wangu. Simba anapandwa mgongoni na safari ya kurudi nyumbani inaanza. Zimwi jingine linamnyang'anya mfalme mkewe kwa miaka mitatu. Kumbe ni mnyama anayepandwa na Guanyin, mtakatifu wa huruma. Jingine linajenga hekalu bandia na kujifanya Buddha mwenyewe. Kumbe ni mtumishi wa Maitreya. Hata sungura wa mwezini naye ana bibi yake.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawakutuambia lifanyweje zimwi linalojulikana kule juu.

Ukifuatilia kwa makini utaona jinsi Wukong anavyobadilika kwa sababu ya hali hiyo. Mwanzoni ni mpiganaji. Kadiri safari inavyosonga, anakuwa mtu wa kufuatilia mafaili. Zimwi likimshinda, hapotezi tena muda kunoa silaha; anapanda mbinguni kuuliza kama kuna mtumishi aliyetoroka, mnyama aliyekata kamba, au chombo kilichopotea ghalani. Swali lake la kwanza halihusu tena nguvu za zimwi. Anauliza: hili zimwi ni la nani?

Swali hilo nililisikia kwa sauti nyingine mwaka juzi. Alinipigia simu binti mmoja niliyemfundisha, ambaye kwa wakati huo alikuwa mkaguzi wa ndani katika halmashauri moja nisiyoitaja. Baada ya shikamoo na marahaba, alinieleza kwamba alikuta hati za malipo ya madawati ambayo yalilipiwa yote na kupokewa kwa maandishi, lakini alipokwenda shuleni aliwakuta watoto wameketi sakafuni. Akaandika hoja ya ukaguzi kama tulivyomfundisha. Kabla wino haujakauka, mkubwa wake alimwita na kumuuliza kwa upole, karibu kama baba: "Mwanangu, uliuliza kwanza kama hiyo kazi ina mwenyewe?" Hakuwa ameuliza, kwa kuwa hakujua kwamba kuuliza hivyo ni sehemu ya taratibu za ukaguzi. Miezi miwili baadaye alipata uhamisho kwenda ofisi yenye meza, kiti na dirisha, isiyo na kazi yoyote. Mtakatifu Mkuu Aliye Sawa na Mbingu.

"Mwalimu," aliniuliza, "ningefanyaje?"

Nitalirudia swali lake. Kwanza nisikilize pingamizi ambalo mpenzi mwenzangu wa tamthilia hii, hasa aliye Mbudha, ana haki ya kunitolea. Atasema kwamba ninaisoma hadithi ya kiroho kama ripoti ya ukaguzi. Mazimwi haya ni mitihani. Mtawa ilimbidi apitie majaribu 81 ili astahili maandiko, na ndiyo maana Guanyin mwenyewe alimwomba Laojun vijana wake mara tatu ili wamjaribu. Simba wa Wuji alitumwa kumwadhibu mfalme aliyewahi kumtosa Manjusri majini kwa siku tatu. Kila zimwi lina sababu, na kila sababu ina hekima.

Usomaji huo nauheshimu, na kwa mtawa pengine unatosha. Shida yangu ni wanakijiji. Katika riwaya, na katika sehemu za nyongeza ambazo Yang Jie alizitengeneza baadaye na kuonyeshwa mwaka 2000, kuna kisa cha mto Tongtian. Kijiji cha ukoo wa Chen kilicho kando ya mto huo kinalazimika kila mwaka kumtolea zimwi la mtoni mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike ili awale. Usiku wanaofika wasafiri, familia inaomboleza kwa kuwa zamu ni yake. Wukong na Bajie wanajigeuza watoto na kwenda wao. Baada ya patashika ndefu, Guanyin anashuka na kikapu cha mianzi, anamvua samaki wa dhahabu aliyetoroka kutoka katika bwawa lake la mayungiyungi, na kuondoka naye. Kuhusu watoto walioliwa miaka iliyotangulia hakuna anayesema neno. Katika riwaya wanakijiji wanaitwa waje wamwone mtakatifu kwa macho yao, nao wanapiga magoti kwenye tope, na fundi mmoja anaichora sura yake ili iabudiwe.

Kila ninapofika hapo hujiuliza: huu ulikuwa mtihani wa nani? Mtawa alijaribiwa, akafaulu, akaendelea na safari. Ada ya mtihani wake ililipwa na watu ambao hawakuwa wakisafiri kwenda popote. Hivyo ndivyo tunavyoambiwa mara nyingi nasi, kwamba upungufu huu ni changamoto za mpito, kwamba taifa linajifunza, kwamba kila jambo lina sababu ambazo mwananchi wa kawaida hawezi kuzielewa. Huenda ni kweli. Lakini mtoto aliyeketi sakafuni darasa la tatu halirudii darasa hilo siku dawati litakapopatikana. Na dawati likija, ataimbishwa wimbo wa kumshukuru aliyelileta.

Baada ya hayo yote, wasafiri wanafika kwa Buddha. Nilipoitazama sehemu ya mwisho kwa mara ya kwanza, nilidhani mfasiri wa maandishi amekosea. Ananda na Kasyapa, wanafunzi wawili wakubwa wa Buddha waliopewa kazi ya kukabidhi maandiko, wanamuuliza mtawa amewaletea zawadi gani. Hana kitu. Wanamkabidhi mizigo ya maandiko, anashukuru, anaondoka. Njiani mizigo inafunguka na kurasa zinaonekana: ni tupu, hazina hata herufi moja. Wukong anarudi kushtaki kwa aliye juu kabisa. Katika riwaya, Buddha anatabasamu na kueleza kwamba habari hiyo anayo, kwamba maandiko hayapaswi kutolewa bure, na kwamba hata hizo kurasa tupu ni maandiko ya kweli, ila watu wa Mashariki ni wajinga mno kuyaelewa. Nimesoma majibu mengi ya serikali bungeni, ya nchi nyingi. Jibu kamili kama hilo sijapata kuliona. Mtawa anatoa bakuli lake la dhahabu, alilopewa na mfalme wake la kuombea chakula njiani, na hapo ndipo anapewa kurasa zenye maandishi. Katika riwaya Ananda analipokea na kulishika huku watunza ghala wakimcheka na kumsuta, naye halitoi mkononi.

Kinachonistaajabisha ni kwamba kitabu chenye ujasiri huo kiliandikwa zama za wafalme wa Ming, kikadumu, na karne nne baadaye kikageuzwa tamthilia na televisheni ya taifa, ikawa burudani ya familia nzima, watoto mbele na wazee nyuma. Nasi tunaye Abunuwasi aliyemcheka sultani, na sungura aliyewacheka wenye meno. Jamii huhifadhi katika hadithi za watoto yale ambayo watu wazima hawawezi kuyasema barazani. Lakini hadithi ikiishia kwenye kicheko, mwenye zimwi naye hucheka pamoja nasi, kisha hulala usingizi mwema.

Wukong hakuishia kwenye kicheko, na hapa ndipo jibu la binti yule lilipo. Kuna mambo mawili anayafanya ambayo wapenzi wengi huyapita haraka. La kwanza ni katika riwaya, Laojun anapokuja kuwachukua vijana wake. Wukong anamwambia waziwazi kwamba mwenye nyumba anayewaachia watu wake watoke kwenda kudhuru wengine anastahili kushtakiwa kwa kosa la kutowadhibiti. Hasemi kwamba Laojun ndiye zimwi. Anasema kwamba zimwi ni dhamana yake. Sheria nyingi za utumishi wa umma zingeweza kufupishwa katika hoja hiyo.

La pili ni katika kisa cha pango lisilo na mwisho. Zimwi la panya limemteka mtawa na kukimbia naye. Ndani ya pango lililoachwa wazi Wukong anakuta madhabahu yenye vibao viwili vya heshima: kimoja kwa jina la baba, Li Jing, jenerali mkuu wa mbinguni, kingine kwa jina la kaka, Nezha, mwanawe. Havunji wala hachomi. Anavibeba vibao hivyo mpaka mbinguni na kufungua mashtaka kwa maandishi. Jenerali anakana kwa ukali na hata kuamuru kima afungwe kamba. Ni Nezha anayemkumbusha baba yake kwamba miaka mingi iliyopita walimsamehe panya huyo, naye akawa binti wa kulea. Jenerali anabadilika rangi. Siku hiyo ni yeye mwenyewe anayeshuka na jeshi kwenda kumkamata.

Bila vibao, Wukong angekuwa mchochezi aliyemsingizia jenerali. Rungu lake halikumsaidia siku hiyo, wala sifa zake za zamani. Nguvu yake ilikuwa kitu kilichoandikwa jina, alichokitoa mahali kilipokuwa na kukifikisha mahali kinapopaswa kusomwa.

Basi nilimjibu binti yule kwamba kwanza hakufanya kosa lolote, maana nilihisi anasubiri kuambiwa hivyo na mtu fulani. Kisha nikamwambia kwamba mtu akimuuliza kama kazi ina mwenyewe, asilichukulie swali hilo kama onyo peke yake. Ni taarifa. Aandike tarehe, saa, na nani aliyeuliza. Atunze nakala ya hoja yake, ya hati za malipo, ya hati ya mapokezi iliyotiwa saini, na ya barua ya uhamisho, kwa kuwa barua hiyo nayo ni kibao chenye jina. Wakaguzi wa nje huja, wakuu hubadilika, kamati za Bunge huuliza maswali, na siku hiyo ikifika, asiyekuwa na karatasi atakuwa na hadithi tu.

Hadi ninapoandika haya, bado yuko katika ofisi ile yenye dirisha. Hoja yake haijajibiwa na haijafutwa. Madawati, aliniambia wiki iliyopita, yamefika nusu. Nilimuuliza kuhusu nakala. Alinijibu kwamba anazo zote, na kwamba ameziweka mahali pawili.